Taa za Mchana kwa Magari Madogo na Pikipiki: Zinasaidia Wapi na Zinakomea Wapi

Msafiri anayeondoka Mlalo alfajiri kwenda Lushoto mjini hukutana na hali tatu tofauti katika safari moja. Kwanza hupita kwenye kona zinazofuata mikunjo ya milima, mashamba ya mboga yakiwa juu na chini ya barabara. Halafu huingia katika kivuli cha miti mirefu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ambako hata saa tatu asubuhi mwanga huwa hafifu. Na katika majira ya mvua na miezi ya baridi, ukungu hushuka na kulala juu ya barabara hadi jua lipate nguvu.

Katika hali hizo zote, madereva wengi huendesha bila kuwasha taa, kwa sababu kwao taa ni za usiku. Matokeo yake ni kwamba gari dogo la rangi ya kijivu, au bodaboda iliyobeba tenga la karoti, huweza kutokea mbele ya lori likiwa limebakiza mita chache tu. Dereva wa lori husema hakuliona. Mara nyingi husema kweli.

Makala hii inaeleza jinsi taa zinazowashwa mchana zinavyofanya kazi, ushahidi uliokusanywa katika nchi mbalimbali kuhusu manufaa yake, na namna zinavyoweza kutumika katika barabara za milima ya Usambara bila kuwapa watumiaji imani kupita kiasi.

TAA ZA MCHANA NI NINI

Taa za mchana ni taa za mbele zilizotengenezwa kwa lengo la kulifanya gari lionekane na wengine. Kazi yake si kummulikia dereva njia. Huwaka zenyewe injini inapowashwa, na hupungua au kuzimika taa kubwa zinapowashwa. Kanuni za kimataifa za magari zinataka taa hizo ziwe na ukali wa wastani ili zionekane mbali bila kuumiza macho, na zifungwe katika kimo kisichopungua sentimita 25 wala kuzidi mita 1.5 kutoka ardhini.

Kwa gari lisilo na taa hizo, kazi hiyohiyo hufanywa na taa kubwa za kawaida zikiwa katika mwanga wa chini. Pikipiki nayo hutumia taa yake ya mbele.

Magari mengi yanayotumika wilayani yaliletwa nchini yakiwa yametumika Japani. Nchi hiyo iliweka kanuni rasmi za taa za mchana kwa magari mwaka 2016 tu, hivyo magari madogo ya zamani kutoka huko kwa kawaida hayana taa hizo. Kwa upande wa pikipiki, Japani iliagiza taa ya mbele iwake muda wote kwa pikipiki mpya tangu mwaka 1998, na India ikafanya hivyo kuanzia tarehe 1 Aprili 2017. Hata hivyo, zipo pikipiki barabarani ambazo bado zina swichi ya kuzima taa, na uamuzi wa kuiwasha mchana umebaki mikononi mwa dereva.

KWA NINI CHOMBO KIDOGO HAKIONEKANI MAPEMA

Jicho la dereva hutambua chombo kilicho mbele kwa mambo mawili makubwa: ukubwa wake, na tofauti kati yake na kilicho nyuma yake. Basi lina kimo cha takribani mita tatu na hujaza sehemu kubwa ya barabara. Gari dogo la kawaida lina kimo cha takribani mita moja na nusu. Gari dogo la michezo kama Mazda MX-5 halifiki mita 1.3. Pikipiki ikitazamwa kwa mbele ni nyembamba kuliko hayo yote.

Magari ya michezo ni nadra sana Mlalo, lakini swali ambalo wamiliki wake huuliza katika nchi nyingine ni lilelile linalomhusu mwenye gari dogo au bodaboda hapa: je, taa inaweza kufidia udogo wa chombo?

Jibu linaanzia kwenye tofauti ya mwanga. Gari la kijani kibichi mbele ya msitu, gari la kahawia kwenye barabara ya vumbi jekundu, au gari jeupe ndani ya ukungu hufanana na mazingira yake. Taa inayowaka huondoa mfanano huo. Nukta ya mwanga hujitenga na mandhari hata pale umbo la chombo lenyewe halijatambulika, na dereva wa upande wa pili hujua kwamba kuna kitu kinachokuja kabla hajajua ni nini.

Lipo pia suala la akili. Dereva aliyezoea kukutana na malori na mabasi hutazama barabara akitafuta malori na mabasi. Uchunguzi mkubwa wa ajali za pikipiki uliofanyika Los Angeles, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1981, ulichambua kwa kina ajali 900. Ulibaini kuwa sababu kubwa ya ajali kati ya pikipiki na chombo kingine ilikuwa ni dereva wa chombo hicho kutoitambua pikipiki kwa wakati katika msongamano wa magari.

UZOEFU WA NCHI NYINGINE

Nchi za Ulaya ya kaskazini, ambako jua huwa chini kwa miezi mingi, ndizo zilizotangulia. Finland ilianza mwaka 1972 kwa barabara za nje ya miji wakati wa majira ya baridi. Sweden ikafuata mwaka 1977 kwa barabara zote na mwaka mzima. Kanada iliagiza magari mapya yanayotengenezwa kuanzia Desemba 1989 yawe na taa za mchana. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011.

Mwaka 1996, mtafiti Rune Elvik wa Norway alichapisha uchambuzi uliojumlisha matokeo ya tafiti 17. Alikadiria kuwa gari linalotumia taa za mchana hupunguza kwa asilimia 10 hadi 15 ajali za mchana zinazohusisha zaidi ya chombo kimoja. Asilimia hiyo haihusu ajali za gari kuacha njia lenyewe, kwa sababu taa ya kuonekana haimsaidii dereva aliye peke yake kwenye kona.

Kwa pikipiki, mfano ulio karibu zaidi na mazingira ya nchi zinazoendelea ni Malaysia. Nchi hiyo iliagiza pikipiki kuwasha taa mchana mwaka 1992. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa ajali zilizotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa takribani asilimia 29.

Matokeo hayajawa sawa kila mahali. Ripoti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ya mwaka 2008 haikuona punguzo la wazi la ajali kwa ujumla kutokana na taa hizo. Austria ilipitisha sharti la kuwasha taa mchana mwaka 2005, kisha ikaliondoa mwanzoni mwa mwaka 2008. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba magari yote yakiwaka, waendesha pikipiki na watembea kwa miguu wanaweza kupotea katikati ya mianga hiyo.

Tofauti hizo zina maelezo. Katika barabara pana, yenye jua kali na iliyonyooka, gari huonekana mbali hata bila taa, hivyo faida yake ni ndogo. Pale mwanga unapokuwa hafifu, mandhari yana kivuli na chombo ni kidogo, faida huongezeka. Barabara za Usambara zinaangukia katika kundi hili la pili kwa sehemu kubwa ya mwaka.

HESABU YA UKUNGU

Thamani ya kuonekana mapema inaweza kupimwa kwa mita. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri takribani mita 11 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limeshasogea mita 17. Breki zikishashika kwenye lami iliyolowa, gari huhitaji takribani mita 16 nyingine hadi kusimama. Jumla ni mita 33.

Ikiwa magari mawili yanakutana mahali ambapo barabara haipitishi yote mawili kwa pamoja, kila moja linahitaji mita zake 33, yaani mita 66 kwa jumla. Ukungu ukiwa unaruhusu kuona mita 50 tu, magari hayo yatagongana hata kama madereva wote wawili wamefanya kila kitu kwa usahihi.

Kuna njia mbili za kuondoka katika hesabu hiyo. Ya kwanza ni kupunguza mwendo. Kwa kilomita 30 kwa saa, kila gari huhitaji takribani mita 22, na mawili huhitaji 44. Hapo mita 50 zinatosha. Njia ya pili ni kuonekana mapema zaidi. Taa zikiwezesha madereva kuonana kutoka mita 70 badala ya 50, magari yaleyale yaliyokuwa yagongane kwa kilomita 40 yatasimama yakiwa yamebakiza nafasi ndogo kati yake.

Hesabu hii inahusu lami na matairi mazuri. Kwenye tope, changarawe au matairi yaliyokwisha, mita za kusimama huwa nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, anayewasha taa na kuongeza mwendo kwa kuwa sasa anaonekana, huitumia faida aliyoipata kabla hajakutana na hatari.

PALE AMBAPO TAA HAIFIKI

Mwanga haupiti kwenye mlima. Katika kona za barabara ya Mombo hadi Soni na Lushoto, na katika kona za kuingia Mlalo, dereva wa upande mmja hawezi kuona taa ya upande wa pili mpaka vyombo vyote viwe vimeingia katika kona ileile. Hapo vinavyosaidia ni mwendo mdogo, kubaki upande wa kushoto, na honi kabla ya kona isiyoona mbele. Dereva wa bodaboda anayekata kona kwa kupita upande wa kulia hawezi kuokolewa na taa yake.

Vichaka vinavyoota ndani ya kona vina madhara hayohayo. Vinapofyekwa, mita za kuonana huongezeka kwa kila anayepita, awe na taa au asiwe nayo. Mwananchi anayeona kona iliyozibwa na vichaka katika barabara za vijijini anaweza kutoa taarifa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata ili ifikishwe TARURA. Kwa barabara kuu na za mkoa, zenye dhamana ni TANROADS.

Taa pia haimpi dereva wa upande wa pili kipimo sahihi cha mwendo. Taa moja ya pikipiki ni nukta moja, na ni vigumu kwa jicho kukadiria kama nukta hiyo inakuja haraka au polepole. Anayetaka kupita gari lingine au kuingia barabarani kutoka njia ya shambani asichukulie kwamba, kwa kuwa ameiona taa, basi nafasi aliyonayo inatosha.

MAKOSA YANAYOONDOA FAIDA

La kwanza ni kusahau nyuma. Katika magari mengi, taa za mchana huwaka mbele tu. Za nyuma hubaki zimezimwa. Dereva anaona mwanga mbele yake na dashibodi ikiwaka, akaamini gari zima linaonekana. Kwenye ukungu, gari linalomfuata halioni chochote hadi limfikie. Kwa hiyo ndani ya ukungu, mvua kubwa au kivuli kizito, taa za mchana pekee hazitoshi. Zinapaswa kuwashwa taa kubwa katika mwanga wa chini, ambazo huwasha na za nyuma pia.

La pili ni kutumia mwanga wa juu. Matone ya ukungu hurudisha mwanga huo machoni mwa dereva mwenyewe kama ukuta mweupe, na humpofusha anayekuja. Mwanga wa chini huona karibu zaidi, lakini huona.

La tatu ni kuwasha indiketa zote mbili wakati gari likiwa katika mwendo. Taa hizo hutumika kuonyesha gari lililosimama au lenye hitilafu. Zikitumika safarini, wengine hudhani gari limesimama, na pia hawawezi kujua dereva anapotaka kukata kona.

La nne ni taa za kubandika zenye rangi nyekundu au bluu, au zenye mwanga mkali kupita kiasi, zinazofungwa mbele ya bodaboda na magari kama mapambo. Nyekundu mbele humdanganya anayekutana nayo, kwa kuwa kila dereva amefunzwa kwamba taa nyekundu ni mgongo wa chombo kinachokwenda mbele yake. Taa zisizofungwa na fundi wa umeme mwenye ujuzi huweza pia kuunguza nyaya.

La tano ni uchafu. Tope la barabara ya Mlalo wakati wa mvua hufunika kioo cha taa katika safari moja. Kitambaa na maji kidogo kabla ya kuanza safari hurejesha mwanga wote.

Wapo wanaozima taa kwa kuhofia betri au balbu. Injini ikiwa inafanya kazi na mfumo wa kuchaji ni mzima, umeme wa taa hutoka kwenye mfumo huo na betri haimalizwi. Balbu huisha mapema zaidi ikiwashwa mchana pia, lakini gharama ya kuibadilisha ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya bampa moja, achilia mbali mguu uliovunjika.

WASIO NA TAA KABISA

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuwa watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Katika barabara za Mlalo, watoto huenda shule alfajiri, akina mama hubeba mizigo kwenda gulioni, na wakulima hurudi shambani jioni. Hao hawana taa ya kuwasha.

Kwao, gari lenye taa ni ishara ya mapema ya kusogea pembeni. Lakini kinyume chake hakipo: dereva hawaoni mapema zaidi kwa sababu tu yeye anaonekana. Wazazi wanashauriwa kuwavalisha watoto sweta au kitambaa cha rangi ya kung'aa asubuhi zenye ukungu, na kuwafundisha kutembea upande wa kulia wa barabara ili wayaone magari yanayokuja. Madereva nao wanapaswa kuendesha wakijua kwamba ndani ya ukungu kuna watu wasiowaka.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa mwenye bodaboda: washa taa ya mbele kila unapowasha injini, mchana na usiku. Hakikisha na ya nyuma inafanya kazi, na vaa kizibao chenye kuakisi mwanga. Ukibeba mzigo, usizibe taa.

Kwa mwenye gari dogo: ikiwa lina taa za mchana, ziache ziwake. Ikiwa halina, washa taa kubwa katika mwanga wa chini unapoingia msituni Magamba, kwenye ukungu, kwenye mvua, alfajiri na jioni. Shuka mara moja kwa wiki, zunguka gari, na uone taa zipi zinawaka na zipi zimekufa.

Kwa dereva wa basi au lori: kaa ukitarajia chombo kidogo katika kila kona. Unakaa juu, na gari la chini linaweza kupotea mbele ya kioo chako, hasa barabara inapopanda au kushuka ghafla.

Kwa wote: ndani ya ukungu, mwendo uendane na mita unazoziona. Ikiwa barabara haipishani magari mawili, uwe na uwezo wa kusimama ndani ya nusu ya mita hizo, kwa kuwa nusu nyingine ni ya anayekuja.

Taa ya mchana, basi, humwongezea mwenye chombo kidogo sekunde moja au mbili za kuonekana, na faida hiyo ni kubwa zaidi katika barabara zenye kivuli na ukungu kama za Mlalo. Haipunguzi mwendo, hainyooshi kona wala haibadilishi breki mbovu. Mambo hayo matatu yamebaki kwa dereva.